Moyo Safi wa Tosha

"Moyo wa mbwa wenu ni safi kabisa," alisema bwana afya akiondoa kipimo kifuani mwa Tosha, uso umemshuka.

Zamda alishtuka. Kila mzazi alipewa na serikali mbwa wa kulala bila chandarua chumbani kwa mtoto, ili mbu wenye minyoo ya moyo wamuume mbwa badala ya mtoto. Kabla ya masika mbwa huyo hufa, na huletwa mwingine. Tosha alikuwa ameshapita masika mawili.

"Haiwezekani! Kila usiku namfunga palepale kitandani!"

Binti yake, Mwaija, akaanza kulia. "Mama, usinipige. Namwonea huruma. Ukizima taa, namfunika chandarua changu."

Kilio kikakatwa na kikohozi.

Bwana afya akamwelekezea mtoto kipimo. "Hicho kikohozi anacho tangu lini?"

Tosha, mzima wa afya, alikuwa akimlamba Mwaija miguu.