Herufi Zilizokoza

Basi siku hiyo, mchana kweupe, jua la utosi, Saumu alimwita fundi Kitwana amhamishie barua pepe zake kutoka kwenye kompyuta ya mezani kwenda mtandaoni.

"Dada, mashine hii ina kelele kumshinda shangazi yangu," Kitwana alisema. "Ikizima leo, barua zote zimekwenda nayo."

Barua zenyewe zilikuwa kumi na nne. Tangu mumewe Shaweji atoke kununua mkate asirudi, miaka saba sasa, Saumu alimwandikia kwenye anwani yao ya wawili, wala hakuzifungua, zimngoje mwenyewe. Ya mwisho aliiandika asubuhi ile: Jumamosi naolewa.

Kitwana alimaliza kazi. "Sasa popote alipo, mwenye paswedi anazisoma."

"Paswedi ni ile ile?"

"Ile ile. Kwani nani mwingine anaijua?"

Saumu alisogeza kiti karibu. Kwenye kioo, barua zote zilikuwa na herufi zilizokoza, maana hazijasomwa. Mara ile ya zamani kabisa, ya chini, ikafifia. Ikafuata ya pili yake.

"Dada, acha kubonyeza."

Mikono ya Saumu ilikuwa mapajani. Barua ziliendelea kufifia moja moja, kwa mwendo wa mtu anayesoma kila neno, mpaka chai ya Kitwana ikapoa. Ikabaki ya Jumamosi. Nayo ikafifia, ikakaa hivyo muda mrefu.

Kisha, mbele ya macho yao, ikakoza tena, imerudishwa iwe kama barua ambayo haijaguswa na mtu.