Kamba ya Shomvi

Kinamasini haingii mtu bila kamba kiunoni na mwenzake wa kuishika mlangoni pa nyumba, ukingoni. Mshikaji akivuta mara mbili, anauliza, "Upo?" Ukiwa hai, unamjibu kwa kuvuta mara mbili.

Tangu mumewe, Shomvi, azame humo, Bi Zamda alikuwa akiifunga kamba yake kwenye nguzo ya mlango wake.

"Nikushikie, shangazi?" aliuliza Tabu, jirani yake.

"Nguzo inatosha. Haichoki, wala hainiulizi kitu."

Katikati ya matete, mguu wa Bi Zamda ulinasa kwenye kamba kuukuu yenye fundo jekundu. Ilikuwa ya Shomvi. Akaivuta mara mbili, kwa mazoea tu.

Kutoka chini ya tope, ikavutwa mara mbili.

Bi Zamda akaanza kulegeza fundo la kiunoni. Hapo hapo kamba yake nayo ikavutwa mara mbili, kutoka nyumbani. Nguzo haivuti kamba. Huyo ni Tabu.

Akasimama, kamba zote mbili mikononi, tope likimpanda magotini.