Fundo la Pindoni

Katika mji ule, mtu aliyefungiwa pumzi yake ya mwisho kwenye pindo la kanga hakuweza kufa mpaka fundo lifunguliwe. Somoe alimfungia mama yake miaka hamsini iliyopita, na hakumwambia mtu. Sasa mwenyewe alikuwa na mvi kichwa kizima, na Bi Mwanakombo, mama yake, alikuwa amesinyaa hata akawa anabebwa kwa mkono mmoja kupelekwa uani kuota jua.

Kikongwe alikuwa amekwisha kuwaomba radhi majirani wote. Aliamini kuna mtu ambaye yeye alimkosea, ndiyo maana kifo kimemsahau.

“Umebaki wewe, mwanangu,” alisema asubuhi ile. “Kama nilikukosea, nisamehe. Nimechoka.”

Somoe alitamani ardhi immeze. “Hujanikosea kitu, mama.”

“Basi nimemkosea nani?”

Somoe aliingia ndani, akaitoa ile kanga chini kabisa ya sanduku, akarudi nayo mkekani. Fundo lilikuwa limekaza kama kokoto. Alilivuta kwa kucha, halikulegea. Akalitia menoni, huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Bi Mwanakombo alimtazama, akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani humo kwa miaka.

“Tangu utotoni kufungua fundo kunakushinda,” alisema, akanyoosha mkono. “Lete nikufungulie.”

Vidole vya kikongwe vikaanza kazi. Somoe alibaki ameshika upande wa pili wa kanga, haivuti wala haiachii.