Mwendo wa Dada

Asubuhi ya mwisho wa mwaka, kinyozi alitoa baiskeli yake na kushika barabara ile ile waliyoizoea yeye na dada yake.

Karibu mwaka mzima walitoka pamoja. Dada alikimbia, naye akaendesha kando yake, maana goti lake lilikataa kukimbia. Kwenye mlima dada alimcheka: "Una magurudumu mawili na bado unahema kunishinda!" Kisha akapata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, akaondoka.

Mama mmoja aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi akampita. "Kijana, hiyo baiskeli inaumwa?"

Kinyozi alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Baiskeli ilikuwa nzima. Ni yeye aliyekuwa bado anakwenda mwendo wa dada, tena pembeni kabisa, akimwachia nafasi.

Akasimama, mguu mmoja chini, akapiga simu. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Mdogo wangu," dada alisema, akitweta. "Umenikuta nakimbia. Huku baridi inakata masikio."

"Unakimbia na nani?"

"Peke yangu." Miguu yake ilisikika ikipiga lami. "Na wewe, uko wapi?"

"Chini ya mlima wetu."

"Basi usikate."

Kinyozi akaongeza sauti ya simu, akaitia kwenye mfuko wa shati, akapanda baiskeli. Alikanyaga pedali taratibu, asije akamwacha nyuma.