Mama Kiende Langoni

Ewesit alijificha nyuma ya rundo la kokoto mara tu alipomwona Mama Kiende langoni.

Jana pia alikuja. Alisimama kando ya watu waliosubiri kuchaguliwa na fomeni, leso kiunoni, macho yakipekua mjengo mzima, mpaka lango likafungwa.

"Unamkimbia nani?" aliuliza Abass, aliyekuwa akichanganya naye zege.

"Mama niliyekuwa nikimlimia kule Rapsu."

"Ulimuibia?"

"Afadhali ningeiba."

Alimwacha vitunguu vikiwa tayari kung'olewa. Vijana wengine walikuwa wameshakimbilia mjini, huyu kwenye bodaboda, yule kichinjioni. Mama Kiende akamwambia, "Ewesit, ni wewe tu umenibakia." Alfajiri iliyofuata Ewesit akapanda lori la Isiolo bila kuaga. Na huyu ndiye mama aliyemuuguza malaria nyumbani kwake, akamkorogea uji kama mtoto wa kumzaa.

Kila alipolikumbuka shamba lile, roho ilimuuma. Lakini kurudi? Miaka yote aliyoshika jembe, wanawe walishinda nyumbani kwa kukosa karo. Sasa walikuwa shuleni.

Adhuhuri fomeni akaita kutoka langoni. "Ewesit! Kuja hapa. Kuna mtu anasema anakujua."

Hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Alienda akiburuta miguu, simiti imemkaukia mikononi. Mama Kiende alikuwa amekonda. Alikuwa akiwatazama wanawake waliopita na mitungi ya maji kichwani, mmoja mmoja, mpaka wakaishia ndani.

"Habari ya siku nyingi, Ewesit?"

Sauti ilikuwa ile ile ya upole, na hiyo ndiyo iliyommaliza. Hakungoja kuulizwa.

"Mama, nisamehe. Najua nilikukosea sana. Lakini shamba siwezi kurudi. Hata unibembeleze namna gani, mama, siwezi."

Mama Kiende alitazama chini. Alingoja hadi fomeni akawageuzia mgongo.

"Kurudi wapi, mwanangu? Vitunguu vilioza vyote. Shamba lilikuwa la kukodi, nikawarudishia wenyewe."

Akamsogelea, akamshika mkono wenye simiti.

"Niombee kwa huyu fomeni wako. Mwambie bado nina nguvu, maji naweza kubeba."