Nywele Zitakazoingia Kanisani

"Usiache hata chembe ya mafuta," Mama Janice alimwambia msusi. "Nataka zitoke kama hazijawahi kuwa za mtu."

Kichwa kilichoinamishwa kwenye sinki kilikuwa cha Wanjira, mfanyakazi wake wa nyumbani kule Spring Valley. Jamani, umewahi kuona wapi tajiri akimleta mfanyakazi saluni ya mjini, ghorofa ya tatu, halafu akaketi kumsubiri mpaka mwisho? Wanjira hakuwahi. Alifumba macho akamshukuru Mungu.

Naliaka, msusi, alikuwa amekoroga udongo wa kijivu na siki kwenye bakuli la plastiki kwa mwiko wa mbao. Aliupaka fungu kwa fungu, kutoka mizizi hadi ncha, kisha akafunika kichwa kwa mfuko ili udongo usikauke. Alipousuuza, maji yalitoka meusi kama ya kuoshea sufuria. Miaka yote ya mafuta ya mgando na moshi wa jiko la kwao Kabiria ikateremka kwenye bomba. Nywele zilizokuwa zimegandamana zikafunguka, zikajikunja zenyewe, nyeusi, nyepesi, kila mkunjo mahali pake.

Mama Janice akainuka. Akavuta mkunjo mmoja mpaka ukanyooka, akaulinganisha na kiganja chake.

"Bado kidogo. Kufika Desemba zitakuwa zimetosha."

"Za nini, mama?" Wanjira aliuliza.

"Nywele hii itaingia kanisani, Wanjira. We tulia tu."

Ngai! Moyo ulimruka. Kwa sababu mle nyumbani kulikuwa na Karanja, kifungua mimba, aliyerudi kutoka Uingereza mwanzoni mwa mwaka huo wa 2006 bila mke. Ni Karanja aliyemwambia kila asubuhi, "Sasa Wanjira, umeamkaje?" Na juzi tu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kusema nywele zake zimependeza. Mambo mengine hayahitaji mwalimu.

Wala hakuwa akiota mchana. Kuanzia siku hiyo ya Julai, Mama Janice alimtoa chumba cha nje akamleta ndani. Alimkataza kusuka, kupaka mafuta, kubeba chochote kichwani. Alimnunulia kitambaa laini cha kulalia. Asubuhi mayai mawili, jioni maziwa. Na kila Jumamosi ya pili, saluni kwa Naliaka, udongo.

Harusi ilikuwa inapangwa, hilo hata mbwa wa pale walilijua. Lakini kila Wanjira akiingia sebuleni na chai, watu walinyamaza ghafla na kumtazama kichwani. Harusi ya nani, kama si ya Karanja? Janice, binti wa pekee, alikuwa amejifungia ghorofani tangu Aprili, kitambaa kichwani mchana na usiku, chakula anaachiwa mlangoni. Mtu wa hali hiyo haolewi, Wanjira aliwaza, na akamwonea huruma kweli.

Siku moja alimsikia Mama Janice kwenye simu. "Kanisa hiyo haitaki nywele za maiti. Bibi harusi akiingia na wigi ya dukani, mchungaji anamrudisha mlangoni." Wanjira, akiwa amepiga magoti akisugua sakafu, alijishika nywele zake mwenyewe, za mtu mzima anayepumua. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Aliyebaki kuambiwa ni Were. Were alikuwa fundi wa mabomba pale Kabiria, na alikuwa ameshapanga kwenda kumwona mama yake Wanjira kuhusu mahari. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari za mayai, za maziwa, za udongo.

"Wanjira," akasema, "hata mbuzi wa Krismasi hulishwa vizuri."

"Wivu ukuue," Wanjira akamjibu, akavua saa aliyonunuliwa naye, akamwekea mkononi. Were hakurudi tena.

Wiki mbili kabla ya harusi, Naliaka aliifunga saluni nzima kwa ajili yao. Nyuma ya mlango kulikuwa kumening'inizwa gauni jeupe ndani ya plastiki, na Wanjira alipoliona alilia waziwazi, hakuona haya. Akapakwa udongo kwa mara ya mwisho. Maji yakatoka safi, unaweza kuyanywa.

"Pole," Naliaka akamnong'oneza.

"Pole ya nini? Maji si baridi."

Naliaka akamgeuza kichwa. Alianza kufunga nywele kwa uzi, fungu kwa fungu, akikaza kila fundo karibu kabisa na ngozi. Mtindo wa maharusi, Wanjira akajiambia, lazima uume kidogo. Mama Janice akaingia, akimshika mkono Janice, ambaye alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Amekuja kumwona wifi yake, Wanjira akawaza, na akamfungulia mikono.

Naliaka akachukua utepe wa kupimia. Wanjira akainamisha kichwa, tayari kupimwa taji.

Utepe ukampita. Ukaenda kuzunguka kichwa cha Janice, aliyekuwa ameshavua kitambaa. Chini yake hapakuwa na unywele hata mmoja, ni makovu tu ya dawa ya kunyoosha nywele.

Kisha mkasi ukaanza kulia nyuma ya sikio la Wanjira.

"Mchungaji akikuuliza, usidanganye," Mama Janice alimwambia binti yake, akipokea fungu la kwanza. "Mwambie si za maiti. Mwenyewe yuko hai, yuko nyumbani anapikia wageni pilau."