Aliyeshika Pasi Mwisho

Mara ya tatu Mwalimu alipita mbele ya mlango wa fundi bila kuingia, akijifanya anasoma kibao: NGUO TUNAPUNGUZA, TUNAONGEZA. Ndani, mwanamume aliyekuwa akikata kitambaa alipaza sauti bila kuinua kichwa.

"Ingia tu, bwana. Kupunguzwa hakuumi."

Akaingia. Fundi alikuwa amenyauka na kuota mvi, lakini Mwalimu aliitambua mikono ile.

"Shikamoo, kaka. Mimi ni mtoto wa yule mzee aliyekufukuza kazi."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Marahaba," fundi alisema. "Keti."

Miaka ishirini Mwalimu alikuwa akifundisha maadili katika chuo cha wachungaji. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba Mungu ametupa akili ili tulijue jema, na dhamiri ili tusijifanye hatulijui. Wao waliandika. Yeye jioni alirudi kwenye vyumba vyake viwili, akala kwa sahani moja, akaosha sahani moja. Hakuoa, aliona mtu mwenye siri hafai kulala kitanda kimoja na mtu. Ndugu alikuwa amebakiwa na mmoja, dada yake, nao hawakuwa wametembeleana tangu maziko ya baba. Hata siku ile walisimama mmoja upande huu wa kaburi, mmoja upande ule, na macho yao yalipokutana dada aligeuka. Mwalimu hakumlaumu. Alikuwa na hakika dada anajua.

Kisha wiki iliyopita mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuwa muuguzi, alinyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, mtu amemchafulia mwenzake jina. Akatubu, Mungu akamsamehe. Sasa lile jina, nani analisafisha?"

Mwalimu alikusanya vitabu vyake. Akasema kipindi kimekwisha. Kilikuwa kimebakiza nusu saa.

Ndiyo maana leo alikuwa ameketi kwenye kigoda hiki, kofia mkononi.

"Ile Jumapili chumba cha kushonea cha baba, pale nyumbani, kilipoungua," alianza, "baba alisema wewe ndiye uliyeshika pasi mwisho, Jumamosi jioni, ukaiacha inawaka."

"Alisema mbele ya watu. Nilikuwa nimeposa. Wakwe waliposikia, posa ikarudi." Fundi aliongea polepole, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Nikahama."

"Hukuwa wewe, kaka. Nilikuwa mimi. Asubuhi ile niliingia kunyoosha shati la kwaya. Nilikuwa nimechelewa, nikatoka mbio. Miaka thelathini na moja natafuta kumbukumbu ya mkono wangu ukiizima ile pasi, siipati. Ulipokuwa unaapa mbele ya baba nilikuwepo, nikatazama miguu yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikanyamaza. Nikafika ishirini na tano, nikanyamaza. Nikawa mwalimu wa maadili, nikanyamaza kwa ufasaha zaidi."

Fundi karibu acheke. Hakucheka.

"Sikuja kuomba unihurumie," Mwalimu aliendelea. "Nimekuja kusema ukweli, na popote utakaponituma nitausema tena. Kanisani, kwa wale wakwe, popote." Akajifunika uso kwa kofia, akalia, mtu mzima mwenye koti na tai.

Fundi alimwacha alie. Akamimina maji kwenye kikombe, akamwekea karibu, akavuta kigoda kingine akaketi mbele yake.

"Ulipotoka asubuhi ile, nyumbani alibaki nani?"

"Dada tu. Alikuwa anajiandaa kwa ibada ya pili. Kwa nini?"

"Mnaonana?"

"Hapana. Ananikwepa, na ana haki. Kaka gani huyu wa kujivunia?"

Fundi alimtazama kama anayepima kitambaa ambacho akikosea kukikata hakirudi.

"Dada yako alikuja hapa mwezi jana," alisema. "Aliketi papo hapo ulipoketi, akalia hivyohivyo. Anasema ile pasi aliikuta imezimwa, imepoa kabisa, akaiwasha yeye."